Msomaji wa Pili

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, ujumbe uliingia katika kundi la wahandisi: "Nimebonyeza jedwali la uzito wa nondo, nimefika kwenye duka la magodoro. Naomba ufafanuzi."

Aliyeuandika alikuwa msimamizi mmoja wa ujenzi ambaye kundini wote humwita Nondo. Ujumbe wa pili ulikuwa wake pia: "Sita kwa sita. Unene inchi kumi. Wanaleta mpaka mlangoni."

Mhandisi wa majengo aliusoma akiwa amesimama jikoni, mkono mmoja bado ndani ya maji ya vyombo. Aliufuta mkono, akaketi mezani, akafungua kompyuta. Kiungo hicho cha mtandaoni alikuwa amekiweka yeye mwenyewe, wiki kadhaa nyuma. Siku yenyewe aliikumbuka. Upande mmoja wa skrini alikuwa akimtafutia mama yake godoro kwa ajili ya mgongo, upande wa pili alikuwa akipanga majedwali ya chuma, na aliponakili anwani alinakili isiyo yenyewe. Kosa lilikuwa lake. Alilikubali bila kujitetea, kama mtu anavyokubali anachosomewa na utepe wa kupimia.

Kilichomfanya asiinuke ni mstari wa chini. Katika maktaba ya kundi lile, kila kiungo kina nafasi mbili: jina la aliyekileta, na jina la msomaji wa pili aliyekifungua kwa kifaa chake, akasoma, akaridhika. Kwenye nafasi ya msomaji wa pili palikuwa na jina la utani alilolijua kuliko yote, Valvu, na maneno mawili yaliyoandikwa siku ileile: "Nimesoma. Safi."

Alasiri ya Jumamosi hiyo, Valvu alikuwa anatarajiwa nyumbani kwa mhandisi huyo kwa mara ya kwanza, kumwona mama yake.

Kundi halikungoja.

"Kumbe Mkutubi anatafuta godoro la watu wawili," aliandika fundi umeme. "Hongera zake."

"Na Valvu amelikagua," Nondo akajibu. "Amesema safi."

"Basi hapo hakuna tena jedwali. Hapo kuna harusi."

Mkutubi ni yeye, mhandisi wa majengo. Jina walimpa siku alipoanza kuwapangia vitu vyao. Aliandika: "Anwani niliyoweka si sahihi. Kosa langu. Sahihi ni hii." Akaiweka, akaifungua mwenyewe mara mbili kuhakikisha, akafunga kompyuta. Kuhusu msomaji wa pili hakuandika lolote.

Mama yake alikuwa sebuleni anapiga pasi kitambaa cha meza.

"Mbona umekunja uso hivyo? Mgeni haji?"

"Anakuja."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna mtu ameweka jina lake kwenye kitu ambacho hakukisoma."

"Kazini?"

"Kundini."

Mama aliisimamisha pasi. "Lile kundi lenu la viungo."

Alilitamka neno hilo kwa tahadhari, kwa sababu lilikuwa limeshamwaibisha. Karibu mwaka mzima aliamini kwamba binti yake yumo katika kundi la mapishi. Alimsikia kwenye simu akisema "viungo vimechanganyika," "viungo vingine vimeoza," "lete viungo vyako nivipange," akafurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye mtoto amelikumbuka jiko. Aliwatangazia majirani. Mmoja wao alikuja siku moja na karatasi, kuuliza ni viungo gani vinafaa kwa chai ya mgonjwa wa kifua, na ndipo mambo yalipofunuka.

Hata kundini, neno hilo ndilo lililowakutanisha Mkutubi na Valvu, na kwa ugomvi. Hapo awali palikuwa na vurugu tupu. Wahandisi na mafundi kutoka pande zote walirusha humo kila walichokipata, mihadhara, majedwali, vitabu vya mashine, michoro, na ndani ya saa moja vyote vilizama chini ya salamu, pole na vichekesho. Jedwali lilelile liliombwa kila wiki na mtu mwingine. Mkutubi alipendekeza maktaba: kila kitu mahali pake, kwa sehemu na kwa majina. Wote walipongeza. Aliyejitolea kusaidia alikuwa mmoja tu, mhandisi wa maji aliyejiita Valvu.

Kesho yake Valvu akaziingiza anwani zote za mtandaoni katika sehemu iliyoitwa "Viungo". Mkutubi alikuwa ameitenga sehemu hiyo kwa ajili ya viungo vya chuma, pale boriti inapokutana na nguzo. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu mtu asiyejulikana alijiunga, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu hiyo, akaandika kwamba goti la kushoto linamuuma akipanda ngazi. Ubishi ukaishia hapo. Valvu alimwandikia pembeni: "Umeshinda. Ila huyu wa goti tumpeleke wapi?" Mkutubi akacheka peke yake, ofisini, mbele ya mchoro wa paa.

Sheria ya wasomaji wawili ilikuja baadaye kidogo. Mwanachama mmoja, kijana wa eneo la mbali, alichukua jedwali bovu kundini na kulitumia kwenye nguzo ya ghorofa ya chini. Kosa liligundulika kabla ya kupandisha dari. Hakuna aliyeumia. Nguzo ilivunjwa kwa nyundo, ikamwagwa upya, na kijana yule hakuandika tena. Tangu hapo hakuna kiungo kinachoingia maktabani bila macho ya watu wawili tofauti. Sheria aliiandika Mkutubi. Valvu ndiye aliyeisoma kwa sauti kwenye mkutano wa simu, na sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza Mkutubi kuisikia.

Mara ya kwanza walipoonana ana kwa ana ilikuwa mgahawani, jirani na karakana ya Valvu. Alikuja na pete ya mpira ya bomba mfukoni, kumwonyesha jinsi inavyochakaa upande mmoja. Aliieleza kwa muda mrefu. Chakula kilipoa. Wakati wa kuagana alisahau pete mezani, na Mkutubi aliichukua. Mpaka leo iko kwenye droo yake, pamoja na kalamu.

"Mimi sina ugomvi na huyo kijana," mama alisema, akiendelea na pasi. "Simjui, nitagombana naye vipi? Ninachosema ni kwamba mkandarasi aliyekuposa tunamjua. Ana ofisi, ana nyumba, na mama yake tumesoma darasa moja. Wanataka jibu mwisho wa wiki ijayo."

"Najua, mama."

"Huyu wako umemtoa kwenye simu."

"Nimemtoa kwenye kazi."

"Kazi iliyo ndani ya simu," mama akasema, na kitambaa kikatandikwa mezani bila mkunjo hata mmoja.

Mgeni alifika saa kumi, kama alivyosema. Shati lilikuwa jeupe, viatu vimepigwa rangi, na kwenye kiganja cha kulia palikuwa na alama ya grisi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa ameshaketi. Ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache, ambaye hata kikombe hukitazama kwanza kama kimekaa sawa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, karibu. Kaa. Sogea kidogo, hapo pana springi imetokeza."

Alisogea. Macho yake yalimtafuta binti wa nyumba, yakampata karibu na mlango wa jikoni na birika mkononi. Alitabasamu. Tabasamu halikurudishwa. Alilishusha polepole, akakunja mikono magotini.

"Binti yangu ananiambia wewe ni mtu wa maji," mama alianza.

"Ndiyo, mama. Pampu, mabomba, matangi."

"Kwa hiyo maji yakikatika nikupigie wewe."

"Wengi hunipigia, mama. Wasio na namba yangu hunitukana kwa mbali."

Mama alicheka kabla hajajizuia. Mjomba alikohoa.

"Nasikia unahama," mjomba akasema.

"Naanza Jumatatu kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji. Ni safari ya siku nzima kutoka hapa. Mkataba ni wa mwaka mmoja, kisha narudi."

"Siku nzima!" Mama alimgeukia kaka yake, kisha mgeni. "Na huyu kazi yake iko hapa. Mtu anaoa halafu anaishi na picha?"

"Nimelifikiria hilo, mama. Ndiyo maana nimetaka kuja kabla sijaondoka. Nisiwe mtu wa kwenye simu tu."

Lilikuwa jibu zuri. Mama alimsogezea sahani. Chumba kililegea kidogo, na katika ulegevu huo mhandisi wa majengo aliweka birika mezani, akaketi kwenye kiti kilichomwelekea mgeni.

"Umeona ujumbe wa Nondo?"

"Nimeuona njiani." Alianza kucheka. "Nimecheka mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama—"

"Lile jedwali ulilisoma?"

Kicheko kilikatika. Alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Hakutazama pembeni.

"Hapana."

"Uliandika umesoma."

"Niliandika."

"Ukaongeza na safi."

"Jamani," mama aliingilia, "mgeni hajamaliza hata chai."

"Namaliza sasa hivi, mama." Sauti ya binti haikupanda. "Ni vingapi?"

"Vingapi nini?"

"Vyangu. Ambavyo hukuvifungua."

Mhandisi wa maji alitazama alama ya grisi kiganjani. "Vyote. Tangu siku ile ya mgahawani. Vya wengine nasoma, niulize chochote kutoka humo nitakueleza. Vyako nilikuwa naweka jina tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni vyako."

Mama alilipokea jibu hilo kama tamko la mapenzi. Aliinamisha uso ili tabasamu lisionekane, akajifanya anaokota uzi kwenye kitambaa. Binti yake alilipokea vingine.

"Nilikuamini," mgeni akaongeza, akidhani hakueleweka.

"Sikukuomba uniamini. Nilikuomba usome."

"Mbona ni kitu kilekile?"

"Muulize yule kijana aliyevunja nguzo."

Mgeni alikizungusha kikombe mezani.

"Unajua kwa nini niliandika wasomaji wawili?" binti alisema. "Kwa sababu mimi hukosea. Nikichoka nakosea, nikifanya mambo mawili kwa pamoja nakosea. Nimekosea nikawapa watu duka la magodoro. Lingekuwa jedwali bovu lenye sura nzuri, Nondo asingecheka, angelitumia. Kila nilipoweka kitu, nilijua kuna mtu nyuma yangu anatazama. Nililala vizuri kwa sababu hiyo. Kumbe muda wote huo nilikuwa peke yangu."

Hapo sauti ilitetemeka mara moja, kwenye neno la mwisho, ikatulia. Mgeni aliisikia.

"Sisi kila mstari tulipima mara mbili," mjomba alisema kwa utulivu, kana kwamba mazungumzo yalikuwa juu ya ardhi. "Kwenda na kurudi. Anayerudi haruhusiwi kuona namba za aliyekwenda."

"Kaka, usichochee."

"Sichochei. Naeleza kazi."

Mgeni alikunywa chai yake yote, kwa heshima, ingawa ilikuwa imepoa. Alijibu maswali ya mama kuhusu wazazi wake, wadogo zake, na mahali atakapolala kule kituoni. Alijibu vizuri. Alipoinuka kuaga, mama alimshika mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amepanga kulifanya.

Mhandisi wa majengo alimsindikiza mpaka getini.

"Umeniuliza mbele ya mjomba wako," alisema.

"Nimekuuliza ukajibu."

"Ningedanganya?"

"Ungedanganya ningekufungulia geti mapema zaidi."

Alitaka kucheka, akaacha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya matangi ya maji ya jengo la pili, na yeye, kwa mazoea ya kazi, aliyatupia jicho kabla ya kurudisha macho kwake.

"Huyo mkandarasi anasubiri mpaka lini?"

"Mwisho wa wiki ijayo."

"Na mimi?"

"Wewe leo sina jibu lako."

"Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Sikuagizi. Nikikuagiza utafanya kwa sababu nimesema mimi, na tutakuwa palepale."

Mkono wa mgeni ulikuwa kwenye komeo la geti. Wa binti pia ulikuwa hapo, juu kidogo, na kati ya mikono hiyo palibaki nafasi isiyotosha hata kidole. Hakuna aliyeusogeza wake. Alimtazama usoni kwa namna ya mtu anayesafiri na hataki kusahau kitu. Kisha komeo likavutwa, na yeye akatoka.

Jumatatu Valvu aliripoti kituoni. Hilo lilijulikana kwa sababu alituma kundini picha ya pampu yenye kutu, na swali la kitaalamu, basi. Hakupiga simu. Naye hakupigiwa.

Jumanne jioni, chini ya kiungo cha kwanza alichokiweka Mkutubi baada ya siku ile ya mgahawani, maneno "Nimesoma. Safi." yalikuwa yamefutwa. Mahali pake palisomeka: "Nimesoma kurasa zote. Mchoro wa tatu hausomeki kwenye simu ndogo. Nimeongeza nakala iliyo wazi. Kinafaa." Chini ya kinachofuata: "Nimesoma. Mhadhiri anakosea kutamka kipimo mwanzoni lakini anajisahihisha baadaye. Wasikilizaji wasiishie katikati." Kisha kingine, na kingine.

"Valvu, huko ulikokwenda hakuna kazi?" aliuliza Nondo. "Mbona unasoma kama mtu anayejiandaa na mtihani?"

"Nimehukumiwa."

"Kwa kosa gani?"

"Godoro."

Kundi lilijaa vicheko. Mkutubi aliyaona yote na hakuandika kitu. Lakini kila kiungo kilichorekebishwa alikifungua tena, akalinganisha maelezo ya Valvu na kilichomo ndani. Yalilingana. Aliyafanya hayo wakati wa chakula cha mchana ofisini, na uma ulibaki mkononi.

"Amepiga?" mama aliuliza Jumatano.

"Hapana."

"Ameandika?"

"Anaandika kundini."

"Anasemaje?"

"Kwamba mchoro wa tatu hausomeki."

Mama alitikisa kichwa. "Haya. Mapenzi ya siku hizi sitayaelewa." Alichukua simu yake, akamsogezea. "Mwenzako huyu hapa. Soma. Mama yake amenitumia."

Ulikuwa ujumbe wa mkandarasi. Alisema anaheshimu kazi ya binti, hana sharti lolote, na lolote binti atakaloamua analiafiki hata kabla hajalisikia.

"Umeona? Huyo ndiye mume. Hatakubishia hata siku moja."

"Ndiyo, mama. Nimeona."

"Mbona unasema kama umeona msiba?"

Alirudisha simu. Alitamani kumweleza, akaona maneno aliyonayo ni yaleyale ya Jumamosi. Aliosha vyombo badala yake.

Alhamisi, baada tu ya kazi, alifungua maktaba akakuta rangi ambayo hakuwahi kuiona kwenye jina lake. Ilikuwa nyekundu. Kiungo chake kimoja, jedwali la nguvu ya kukaza bolti, kilikuwa kimekataliwa.

Alisoma sababu: "Jedwali ni la bolti kavu. Maelezo yako ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Aliyekileta amekiweka katika sehemu ya majengo, na hapo hakina shida, lakini amekiweka pia katika sehemu ya pampu. Bolti za pampu tunazipaka grisi. Anayezikaza kwa namba hizi atazikaza kupita kiasi na kuzikata. Aliyekileta hakufika ukurasa wa mwisho. Kiondolewe sehemu ya pampu leo."

Alikifungua. Alisoma tangu mwanzo, polepole. Jedwali lilikuwa zuri, namba zimepangwa vizuri, na alikumbuka kwamba siku ile lilimridhisha haraka. Ukurasa wa mwisho hakuukumbuka. Aliufikia. Maneno yalikuwepo, madogo, chini kabisa. Alikuwa hajawahi kuyaona.

Skrini ilipozimika yenyewe kwa kutoguswa, aliona uso wake kwenye kioo cheusi. Ulikuwa unatabasamu, na macho yalikuwa yamelowa. Aliyapangusa, akaigusa skrini, akaandika chini ya ile nyekundu: "Nimesoma mpaka mwisho. Ni kweli. Kosa langu. Nimekiondoa."

Kisha akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Nimekukatalia," alisema Valvu. Nyuma yake pampu zilikuwa zinanguruma. Ilibidi apaze sauti.

"Nimeona."

"Mbele ya kundi zima."

"Nimeona pia."

"Umekasirika?"

"Nondo alitaka kulitumia jedwali hilo kwenye pampu mwezi ujao. Ameniambia sasa hivi."

Valvu alisogea mbali kidogo na pampu.

"Niliogopa," alisema. "Nimekaa nalo tangu asubuhi. Nilisoma mara nne nikitafuta namna ya wewe kuwa sahihi. Sikuipata."

"Haikuwepo."

"Bado vimebaki vyako vingi sijavimaliza."

"Jumamosi uko zamu?"

"Niko huru. Nikitoka kesho usiku nafika asubuhi."

"Njoo. Vilivyobaki utavisomea huku."

Alikata simu, akaenda sebuleni. Mama alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mto, miguu juu ya kigoda.

"Mama, mjomba awajibu watu wa mkandarasi."

"Awajibu nini?"

"Kwamba tunawashukuru sana, na hapana."

Mama alinyanyuka kidogo. "Valvu amekubembeleza?"

"Amenikosoa. Mbele ya watu wote."

"Na wewe umefurahi?"

"Ndiyo."

"Kukosolewa."

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama usoni kwa makini, akitafuta dalili ya homa. Hakuipata. Alipata kitu kingine, ambacho mara ya mwisho alikiona kwa mtoto huyohuyo alipoleta matokeo ya mtihani wa mwisho. Alichukua simu, akampigia kaka yake, na mbele ya binti yake akatamka neno lile, hapana, kwa upole na bila kulizungusha. Kisha akanyoosha mgongo kwa maumivu.

"Na lile godoro langu limeishia wapi?"

"Sijaagiza bado. Lile la sita kwa sita ni kubwa, mama. Chumba chako hakilimudu."

"Mimi niagizie la nne kwa sita. Mgongo wangu ni mmoja." Alijilaza tena, akafumba macho. "Hilo la sita kwa sita nalo waambie walilete."

Magodoro mawili yaliletwa Jumamosi, kabla ya saa sita. Mhandisi wa maji, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo na vumbi la safari kwenye viatu, aliyapokea mlangoni pamoja na dereva, wakayaegemeza ukutani. Dereva alitoa hati ya mzigo na kalamu. Alikuwa na haraka.

"Weka saini hapo chini, kaka."

Mhandisi wa maji aliipokea hati, akaanza kusoma kutoka juu.

"Mwanangu," mama alisema kutoka kwenye kiti chake, "ni magodoro tu hayo."

"Ndiyo, mama."

Mhandisi wa majengo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imekunjwa kifuani, anamtazama. Dereva alitazama saa yake. Mhandisi wa maji alimaliza mstari wa mwisho, akaigeuza karatasi, akasoma na upande wa nyuma. Kisha akatia saini.